Kigari cha Wakwe Wawili

Baba yangu hajawahi kusifu kitu. Simsengenyi, yeye mwenyewe ukimuuliza atakwambia bado hajakutana na kitu cha kusifiwa. Siku ya harusi yangu mshehereshaji aliwaita wazazi wa bibi harusi watoe neno, na baba hakuonekana. Alikuwa ameinama chini ya meza kuu, anakaza nati za kiti chake kwa sarafu. Aliponyanyuka alishika kipaza sauti, akautazama ukumbi mzima, akasema, "Viti hivi vilifungwa na mtu ambaye akili yake ilikuwa kwingine." Akakaa. Basi. Hilo ndilo neno la baba wa bibi harusi, na mpaka leo limo kwenye video, mama akiwa nyuma yake amejifunika uso na mtandio.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa winchi kwenye yadi ya mizigo. Kazi ilikuwa kupanda juu ya zile mashine za kuinulia, kukagua kamba za waya, kubadilisha beringi, kutia grisi, na kuwatazama watu kutoka juu. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomharibu. Wenzake walimwita Winchi, na jina likamfuata mpaka nyumbani. Alistaafu akiwa na magoti mabovu, sanduku la spana ambalo hakuna mwenye ruhusa ya kuligusa, na dharau kamili isiyo na kutu.

Alidharau bila kubagua. Dukani alinyanyua nyundo, akaipima mkononi, akairudisha rafuni kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. Madaktari aliwaita mafundi wasiotoa waranti. Redio ikitangaza kwamba daraja jipya limefunguliwa, alisonya kabla mtangazaji hajasema liko wapi. Mama alijifunza kumsikia jinsi watu wanavyosikia feni: ukiizoea huisikii, ikizima ndipo unashtuka. Mume wangu, ambaye anatengeneza mashine za fotokopi, siku alipokuja kujitambulisha nyumbani aliulizwa swali moja tu: "Yaani kazi yako ni mashine ambayo yenyewe haina wazo?" Alicheka, akidhani ni utani. Alikuwa hajamjua.

Lakini hizo zote zilikuwa dharau za kupita njia. Dharau yenyewe, ile ya kukaa ikapikika, baba aliiweka kwa ajili ya mtu mmoja: baba mkwe wangu.

Baba mkwe alisambaza mikate. Alianza akiwa kijana mdogo na baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la bati, akaja kupewa pikipiki, kisha gari, na kiwanda kile kile cha mikate kikamstaafisha akiwa msimamizi wa yadi. Mji mzima unamwita Boflo, jina la ule mkate wenyewe. Hata sisi wakwe zake tunamwita hivyo mbele ya uso wake, naye hufurahi, hugeuka na kitambi chake kama mtu aliyeitwa jukwaani. Msije mkadhani ni mnyonge. Boflo anajua kila kitu, kuanzia namna ya kumlaza mtoto mchanga mpaka kwa nini serikali fulani ilianguka, na usipomuuliza atakwambia hivyo hivyo. Naye alimdharau baba, ila dharau yake ilikuwa na tabasamu, jambo ambalo kwa baba lilikuwa tusi la pili.

Wakwe hawatukanani, hilo kila mtu analijua. Kwa hiyo hawa wawili walitukanana kwa heshima. Baba akianza na "Mkwe wangu mpendwa," sote tulishika sahani zetu.

Ilikuwa Jumapili, tunakula kwangu, wote wamo, binti yangu alipotangaza kwamba anataka kigari cha injini cha kuendesha mwenyewe. Binti yangu tunamwita Chiriku, na jina halijakosea. Wakati huo alikuwa darasa la tano. Alikuwa ameona picha ya vigari hivyo, vile vidogo vya chini chini, mtu anakaa matako yake karibu yaguse lami, na tangu hapo hakuwa na habari nyingine.

"Madukani vipo," mume wangu alisema.

"Vya plastiki," baba akajibu bila kuinua macho. "Vitu vya kumfundisha mtoto kuvunjikiwa."

"Nitakutengenezea mimi, mjukuu wangu," akasema Boflo, mdomo umejaa.

Baba akaweka kijiko chini taratibu. "Mkwe wangu mpendwa, utamtengenezea kwa unga gani?"

Nilijua hapo hakuna tena chakula. Ndani ya muda mfupi kila mmoja ameshaapa kutengeneza kigari chake, na Chiriku anawatazama kama mtu anayesikiliza mnada. Nikapiga meza. "Kitakuwa kimoja," nilisema. "Mtakitengeneza wote wawili, uani kwetu, mchana, na mimi nikiona. Au hakuna kigari." Walinitazama kwa dharau moja, wote, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wanakubaliana.

Fremu haikuleta ugomvi mkubwa. Mabomba ya mraba, mchomeleaji wa mtaa wa pili, kiti kilichotolewa kwenye gari bovu. Injini ilikuwepo, baba alikuwa na injini ya pampu ya maji aliyoihifadhi kwenye gunia la mkaa, imefungwa kwa nailoni kama maiti. Waliafikiana pia, karibu bila maneno, kwamba kila tairi la nyuma liwe na breki yake, labda kwa sababu wote walikuwa wanamfikiria atakayepanda. Ugomvi ulikuwa nyuma kabisa: ekseli na magurudumu. Yaani ule mtaimbo unaopita chini ya kiti kutoka tairi hadi tairi, na tairi zenyewe.

Baba alinichukua nimpeleke kwa muuza chuma chakavu, kwa sababu magoti yake hayataki tena mwendo mrefu. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kuchomelea juu ya kichwa, ameketi katikati ya milima ya vyuma vyake kama yuko sebuleni. Baba hakumsalimia mpaka alipomaliza kutazama huku na huku na kusonya.

"Nataka chuma cha mviringo, kinene kama kidole gumba changu, kilichonyooka."

"Viko pale, mzee. Chagua."

Alichagua kama anachagua mchumba wa mtoto wa mfalme. Kila kipande alikiviringisha juu ya meza ya chuma, akainama kuangalia kama mwanga unapita chini yake. Ukipita, chuma kimepinda, anakitupa. Vilivyobaki alivining'iniza kwa kamba na kuvigonga, akasikiliza. Kisha akatoa tupa mfukoni na kukwaruza ncha.

"Mzee," akasema yule mama, "hicho ni chuma tu."

"Na wewe ni mtu tu," baba akajibu, tupa mkononi.

Nilitaka ardhi inimeze. Mama wa chuma chakavu alimtazama juu mpaka chini, polepole, halafu akanigeukia mimi. "Ni baba yako?" Nikakubali. "Pole," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Mwishowe alichukua kipande kilichotoka kwenye mashine ya kusafirishia mizigo, moja ya zile zenye mkanda mrefu unaozunguka. Kilikuwa kizito, cheusi, kigumu kiasi kwamba tupa iliteleza juu yake. Njiani kurudi alikilaza mapajani kama mtoto. Hakukisifu. Alisema tu, "Hiki hakijaharibiwa sana."

Boflo alikuwa ametutangulia uani. Ameketi kwenye ngazi ya jikoni, kando yake magurudumu mawili ya toroli, yale ya kubebea mchanga, mapya kabisa, rimu za rangi nyekundu. Aliyapiga makofi kama mtu anayeonyesha farasi.

"Magurudumu haya hapa, mkwe. Imara. Yanabeba zege haya."

Baba alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alilichukua moja, akapitisha kipande cha chuma katikati, akalishika juu na chini, akalitikisa ubavuni. Lilitoa sauti: tak, tak.

"Unasikia?" akamuuliza Chiriku, si Boflo. "Linaongea. Linasema halina beringi, lina kibomba tu. Sasa sikiliza. Toroli linabeba uzito kutoka juu. Halikati kona, anayekata kona ni yule anayelisukuma. Wewe ukiingia kona mbio, uzito wote utakuja ubavuni, na gurudumu hili litakunjika kama chapati."

Chiriku akamgeukia Boflo. "Babu Boflo, ni kweli?"

Boflo alilishika lile gurudumu, akalitikisa mwenyewe. Tak, tak. "Rangi yake ni nzuri," akasema.

Magurudumu ya toroli yalirudi dukani. Walinunua ya skuta, madogo, mapana kidogo, yenye rimu za vipande viwili vinavyokazwa kwa bolti, beringi za kweli, na nafasi ya breki katikati. Baba alikuwa sahihi na kila mtu alimwona alivyokuwa sahihi, kwa sababu alitembea siku nzima mikono nyuma.

Kwenye ekseli ndiko Boflo alikolipiza.

Baba alitaka tairi zote mbili za nyuma zifungwe kwenye ekseli moja, ziwe kitu kimoja na ile ekseli. Injini inavuta mnyororo, mnyororo unazungusha ekseli, ekseli inazungusha tairi zote mbili sawasawa. Kila tairi lingeshikwa na kile kipande kidogo cha chuma kinachoitwa ufunguo, ambacho nusu yake hukaa kwenye mfereji uliochongwa juu ya ekseli na nusu nyingine kwenye kitovu cha gurudumu, ili kimoja kisizunguke bila kingine. Boflo alitaka lifungwe tairi moja tu. La pili liachwe lizunguke litakavyo.

"Tairi moja linavuta, lingine linafuata," alieleza, akichora chini kwa kijiti. "Ukikata kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Ukiyafunga pamoja, moja litaburuzwa. Kigari kitakataa kona."

"Vigari vyote vya mashindano vimefungwa nyuma," akasema baba. "Vyote. Duniani."

"Na wewe unamtengenezea bingwa wa dunia au mtoto wa darasa la tano?"

"Mkwe wangu mpendwa, haya umeyasomea wapi?"

"Kwenye baiskeli ya mikate. Magurudumu mawili nyuma, na mnyororo ulivuta moja. Nimekata kona zote za mji huu na mikate mgongoni." Boflo akatabasamu lile tabasamu lake. "Wewe, mkwe, umefanya kazi maisha yako yote na kitu kinachokwenda juu na kinachokwenda chini. Kona uliiona wapi?"

Mume wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Aligeuka akaingia ndani, mabega yanatikisika. Uso wa baba ulibaki vile vile, ila sikio moja lilibadilika rangi. Alichukua ule mtaimbo wake mweusi, akauweka begani, akatoka kwenda kwa fundi wa kukereza vyuma. Mifereji miwili ikachongwa, mmoja kila upande. Tairi zote mbili zikafungwa.

"Mwacheni," Boflo alituambia baada ya baba kuondoka. "Mtu akitaka kujikwaa, usimshikie tochi."

Sikupenda alivyosema, lakini nilimwacha.

Shida ikawa mahali pa kujaribia. Mtaani kwetu ni vumbi na mashimo. Mahali pekee penye sakafu pana, laini, isiyo na magari siku ya Jumapili palikuwa yadi ya kiwanda cha mikate, na mlinzi wake hamfungulii mtu geti isipokuwa kwa neno la Boflo. Baba alipoambiwa alisonya. Halafu akavaa shati jeupe, kama mtu anayekwenda mahakamani.

Yadi ilikuwa imefagiwa. Upande mmoja magari ya mikate yamepangwa, upande wa pili makreti matupu ya plastiki yamerundikwa kama ukuta. Boflo alikuwa mwenyeji, akimwonyesha baba kila kitu kwa mkono uliofunguliwa: pale tunapakia, pale tunaoshea. Baba aliangalia mabati ya paa. "Yanavuja," alisema. Na kweli yalikuwa yanavuja, Boflo aliniambia baadaye, kwa hasira.

Chiriku alivaa kofia ya pikipiki ya baba yake. Injini ikaungurumishwa. Aliondoka vizuri, mstari mnyoofu, nywele zikitoka nyuma ya kofia, na kwa sekunde hizo chache niliwaona wazee wawili wamesahau kuchukiana. Kisha akafika mwisho wa yadi na kukata usukani.

Tairi za mbele ziligeuka. Kigari hakikugeuka. Zile tairi za mbele zilikwaruza sakafu zikiwa zimekaa upande, zinalia, na kigari kikaendelea kwenda kule kule kilikokuwa kinakwenda, kama mzee anayeitwa na hataki kusikia. Alikanyaga breki, lakini si mapema. Kikaingia kwenye makreti. Ukuta mzima ukamwangukia, makreti matupu, mepesi, yakiruka huku na huku yadi nzima.

Nilikimbia. Alikuwa hajaumia hata ukucha. Alikuwa ameketi katikati ya plastiki, mikono bado kwenye usukani, na akiwa amekunja uso ule ule ninaoujua tangu utoto wangu, mdomo umebetuliwa upande mmoja.

"Babu," alisema, "gari hili halina adabu."

Boflo alicheka. Alicheka mpaka akashika gari la mikate asije akaanguka. Mlinzi naye alicheka. Mimi, namshukuru Mungu, nilijizuia, kwa kuangalia viatu vyangu.

Baba alitembea mpaka pale kigari kilipokuwa kimekwaruza. Aliinama kwa shida, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama.

"Unga," alisema.

"Nini, mkwe?"

"Sakafu yenu ina unga. Tairi haziwezi kushika kwenye unga. Mahali pachafu."

Boflo aliacha kucheka. Sakafu ile alikuwa ameifagia mwenyewe asubuhi, mlinzi alikuwa ameniambia. Wanaume wawili wazima wakasimama wanatazamana juu ya kidole ambacho, mimi nilikiona vizuri, hakikuwa na kitu.

Wiki iliyofuata baba hakuja kwetu. Alituma watu wakichukue kigari, kikalazwa uani kwake chini ya turubai. Mama ndiye aliyenipa habari, kwa simu, sauti ya chini. Alisema baba alikuwa halali vizuri. Alisema alikuwa anaviringisha kigari mbele na nyuma, mbele na nyuma, akikata usukani, akiangalia tairi la ndani likiburuzwa. Siku moja alikipandisha juu ya mawe na kukaa akizungusha tairi kwa mkono hadi mama akamwita kula mara tatu. Siku ya pili yake alipanda bodaboda, yeye anayesema bodaboda ni kaburi lenye kiti, akaenda kwa fundi wa kukereza na gurudumu moja kwenye mfuko.

"Nilimuuliza anafanya nini," mama alisema.

"Akasema?"

"Eti anapunguza uzito."

Jumapili tukarudi yadini. Baba alikuwa na shati lile lile jeupe. Kabla ya chochote alichukua ufagio wa mlinzi na kufagia eneo lote la kona, kwa mikono yake, taratibu, na Boflo amesimama anamtazama. Nilimwona mlinzi anataka kusema, Boflo akamkanyaga mguu.

Chiriku akaondoka. Mwisho wa yadi akakata kona, na kigari kikakata. Kilizunguka laini, kikarudi kuelekea kwetu, kikazunguka tena upande wa magari, naye anapiga kelele ndani ya ile kofia. Alikata umbo la nane. Alikata duara dogo kiasi kwamba nilishika kichwa. Aliposimama mbele yetu alikuwa hajapata pumzi.

"Kinakata! Babu, kinakata! Ila nikikanyaga mafuta kinavuta kidogo kushoto."

"Utazoea," baba alisema haraka. "Sakafu imelala upande."

Lakini Boflo alikuwa ameshakunja uso. Niliona alivyogeuza kichwa, kama mtu aliyesikia wimbo wa ujana wake kwenye redio ya jirani. Alikwenda nyuma ya kigari, akachuchumaa pamoja na kitambi chake chote, akashika tairi la kushoto na kulizungusha kwa kidole. Tairi likazunguka lenyewe, kimya, muda mrefu. La kulia halikutikisika. Akaingiza kidole kwenye ncha ya ekseli, upande wa kushoto, kwenye ule mfereji ulimokuwa unakaa ufunguo. Mfereji ulikuwa mtupu. Kitovu cha gurudumu kilikuwa kimetanuliwa na kuwekwa beringi mbili mpya, kazi safi, kazi ya mtu asiyelala. Tairi moja linavuta, lingine linafuata.

Baba alikuwa anatazama mbali, kwenye paa, mahali panapovuja. Mikono yake ilikuwa nyuma, kidole kimoja kinasugua kingine.

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa hata kuingia katikati. Boflo alinyanyuka, magoti yakilia, akapangusa mikono kwenye suruali. Alimtazama mkwe mwenzake muda, kwa yale macho ya kumpima mtu aliyevaa nguo za kuazima.

"Beringi nzuri," alisema. Basi. Akaenda kumfungulia Chiriku kofia.

Jioni alipokuja kwangu kuchukua sahani zake tulizokulia chakula alichopika mama, nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Nilitegemea aniambie habari za heshima, za umri, za mjukuu. Boflo alibetua mdomo.

"Mwanangu, nimemcheka mtu huyu miaka yote. Leo namwona mzee mzima anafagia sakafu isiyo na unga ili asiseme neno moja tu, 'nilikosea.' Nikaona huyu hata kumcheka ni kupoteza mate bure." Akachukua sahani. "Mwambie mama yako chumvi ilizidi."

Chiriku alikiendesha kigari kile Jumapili nyingi, mpaka miguu yake ikawa mirefu na magoti yanagonga usukani. Siku hizi anapenda mpira wa kikapu na hatutazami sisi wala vyuma vyetu. Kigari kimo stoo ya kiwanda, nyuma ya makreti. Wazee wanakutana kwenye misiba na siku za kuzaliwa, na bado ni mkwe wangu mpendwa huku, mkwe wangu mpendwa kule.

Mwaka jana baba alitolewa mtoto wa jicho. Nilikwenda kumchukua hospitali. Alikaa kando yangu jicho moja limefunikwa pamba, akanieleza jinsi daktari alivyoshika vifaa vibaya, jinsi kitanda kilivyokuwa kinalia, jinsi mimi ninavyochelewa kubadilisha gia. Tukakwama kwenye foleni. Alinyamaza, na baba akinyamaza mimi huanza kuwa na wasiwasi.

"Yule baba mkwe wako," alisema. "Siku ile pale yadini. Aliona?"

Sikujifanya sijui. "Aliona, baba."

"Alisema nini baadaye? Kwako."

Ningeweza kumwambia yale ya mate. Nilitazama lile jicho lililobaki wazi, jekundu, linalotazama mbele kwenye matako ya lori.

"Hakusema kitu."

Foleni ikasogea kidogo. Baba alisonya, taratibu, kwa muda mrefu, kama gurudumu linalotolewa upepo.

"Mjinga sana yule," alisema. "Ningekuwa mimi, ningesema."